Watoto Kumi na Wanne wa Darasa la Tatu

Mheshimiwa kiongozi wa mji wetu, Mchungaji Nicodème, mabwana watafiti mliotoka mbali, walimu wenzangu, baba na mama wazazi, na ninyi watoto mliokaa chini kwa sababu madawati yetu yaligeuzwa kuni na askari: nawasalimu wote kwa heshima.

Mimi Noémie nimefundisha Kamina miaka thelathini na mmoja, tisa ya mwisho nikiwa mkurugenzi wa shule hii. Leo napumzishwa. Nimeambiwa niseme maneno matamu, kisha nitie saini ripoti ya utafiti mbele yenu, tupige picha. Maneno matamu nimeyatafuta tangu Jumapili, sikuyapata.

Nianze basi kwa kuwasifu watafiti. Mlikuja kuchunguza namna ya kufundisha kila mtoto bila kumwacha hata mmoja, kwa kufuata mila za kwao. Jambo zuri namna gani! Mkalifanya kwa siku mbili, kwa karatasi za Kifaransa, mtoto mmoja mmoja, peke yake ofisini mbele ya wanaume watatu wageni wenye miwani. Nani kati yenu, wazazi, angefungua mdomo?

Talitha ana miaka tisa. Alitembea na mama yake kutoka upande wa Kabongo, vita vilipowafikia. Mlimwuliza ng'ombe watatu wana miguu mingapi. Akainamisha kichwa, akanyamaza. Mkaandika: hana uwezo. Mkawaandika hivyo watoto kumi na wanne, wote wa darasa la tatu, wote wakimbizi wa vita. Ripoti inasema Septemba watolewe shuleni, wangojee darasa lao la pekee. Darasa lipi? Lenye mwalimu gani, chini ya paa lipi? Mwenye kulijua na anyooshe mkono.

Nilipomwuliza Talitha kwa nini hakujibu, alinishangaa. "Mukubwa akiuliza, unatazama chini. Njo vile bananifundisha ku nyumba. Miye nitamujibu mu macho aje?"

Mabwana, hii ndiyo mila mliyokuja kuitafuta! Ilisimama mbele yenu imefunga mikono, mkaipa sifuri.

Mwalimu Jessé, kijana wetu wa darasa la tatu, hana diploma kubwa wala gari. Yeye alimketisha Talitha karibu na Béni, akamwambia, "Usinijibu miye. Elezea mwenzako." Kisha akageuka, akajifanya anafuta ubao. Nilikuwa napita nje, nikasikia ananiita kwa sauti ya chini: "Madame Directrice, kuya usikie! Ule mutoto iko nafundisha!" Nikasimama nyuma ya mlango. Talitha alikuwa akihesabu miguu ya ng'ombe, kisha ya mbuzi, kisha ya kuku, na Béni, ambaye baba yake ni mwalimu, alikuwa akikosea, Talitha akimsahihisha. Wiki ile tukawajaribu wengine kumi na watatu vilevile. Kumi na mmoja walijibu vizuri. Wawili bado wana shida. Shida ya kufundishwa, si ya kufukuzwa.

Niliwaandikia habari hii. Mkanijibu kwamba muda wa kukusanya majibu umekwisha.

Nimechoka, jamani. Lakini hasira yangu haiko kwenu tu, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka wa 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoa huu na kujazana pale stesheni wakingoja treni, mimi pia nililetewa karatasi. Ilikuwa orodha ya watoto wao wa kufutwa shuleni. Jina la kwanza lilikuwa Bilonda, binti wa karani wa reli, wa kwanza darasani mwaka mzima. Niliandika "amehama", nikatia saini, naye siku ile alikuwa ameketi dawati la pili, akiandika imla. Aliponiaga alinirudishia kitabu cha shule, amekifunika vizuri kwa gazeti. Nilikipokea. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Niliogopa tu kusumbuliwa. Naona aibu mpaka leo, na sijui yuko wapi.

Kwa hiyo picha haitapigwa. Kazi yangu inaisha saa sita mchana, na kabla ya hapo bado mhuri ni wangu. Asubuhi hii nimetia saini karatasi moja: orodha ya wanaopanda darasa la nne. Wote kumi na wanne wamo, na Jessé atapanda nao. Nakala moja anayo Mchungaji, nyingine iko kwa mama zao. Ripoti yenu hii hapa, ichukueni kama ilivyokuja. Anayetaka kuwatoa watoto hawa atakuja mwenyewe awatoe kwa mkono, na atanikuta mlangoni, nikiwa sina cheo cha kupoteza.

Mwenyekiti wa sherehe ananionyesha saa, nimemwona. Nawashukuru, walimu wenzangu, kwa miaka yote mliyonibeba, na ninyi nyote kwa kuvumilia maneno yangu makali.

Talitha, mwanangu, hapana, usiinuke, usinitazame. Mwambie tu Béni, naye atawaambia wengine: Septemba ni mlango wa darasa la nne. Msigonge. Ingieni.