Asili Tatu za Balisong

Tangu saa moja asubuhi Rosenda yuko kwenye benchi la mbele ya duka la kahawa hapa mjini Taal, karatasi mkononi, na haijaandikwa hata neno. Halmashauri imesema anayetaka meza ya kuuzia balisong, visu vyetu vinavyokunjwa kati ya mipini miwili, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji alete maelezo ya asili ya kisu na jina lake, yamesainiwa na wazee watatu, kabla ya saa sita. Akichelewa, meza anapewa muuza visu vya kiwandani. Na Rosenda ametumia miezi mitano akichemsha pembe za nyati, akizikata mipini miwili miwili, akizipiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Wazee wenyewe sasa ndio hawa watatu wanaokunywa kahawa pembeni yake.

— Andika, akasema Wakili, aliyepata jina hilo kwa kufagia mahakamani. Balisong maana yake pembe iliyovunjika. Ilivunjika, mtu akakunjia kisu ndani yake. Basi.

— Basi nini? akadakia Sajini, ambaye jeshini alikuwa mpishi. Sisi tunakiita Ishirini na Tisa. Babu yangu alizingirwa na wanaume ishirini na tisa, akabaki yeye.

— Ni sentimita hizo, mzee wangu, Rosenda akasema. Kikifunguliwa ndio urefu wake.

— Kwa hiyo babu yangu alipigana na rula?

Jino Moja, mzee wa tatu, akaweka kikombe chini.

— Mnabwabwaja tu. Cha kwanza kilitemwa na volkano yetu. Kikaangukia ziwani, kikafunguka chenyewe.

— Na mipini? akauliza Wakili.

— Ilikuja baadaye, ikiogelea.

Rosenda akawanyoshea karatasi. Saa tano hiyo inapita.

— Wazee wangu, nimechoka. Chagueni uongo mmoja, msaini, niende zangu.

Hawakuchagua. Kila mmoja alishika kalamu kwa zamu, akaandika ya kwake kwa herufi kubwa, akasaini kwa mbwembwe. Babu wa Sajini peke yake alikula nusu ukurasa.

Ndipo akafika binti kutoka halmashauri, mgeni hapa mjini, anakusanya makaratasi. Alisoma yote amesimama. Akaokota kisu kilichokuwa benchini, akapapasa mpini.

— Kazi nzuri hii. Kati yenu wazee, nani amewahi kutengeneza hata kimoja?

Wakili alitazama barabarani. Sajini akakoroga kahawa isiyo na sukari. Jino Moja akakumbuka ana mbuzi wa kuhamisha.

— Hicho nimetengeneza mimi, Rosenda akasema.

— Mbona jina lako halimo?

— Karatasi imejaa, binti, Wakili akamjibia.

Rosenda alimpokonya Wakili kalamu. Akamfuta kwa mstari mmoja babu wa Sajini pamoja na maadui zake wote ishirini na tisa, na juu yao akaandika: Rosenda Malabanan, fundi. Saini ya Sajini akaiacha, maana zilitakiwa tatu.