Dama Rai Sanga, Muuguzi Aliyengoja Kuitikiwa

Ndugu zetu mliotoka Ndavaya, na nyinyi majirani wa hapa Msambweni, asanteni kwa kutushika mkono. Mimi ni Chome, mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa hiyo nikikosea leo, lawama ni zake.

Marehemu Dama alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Ndavaya, Kinango, mtoto wa tatu wa Mzee Rai na Mama Jemima. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wengi na maji machache, lakini Dada hakukubali mtoto yeyote alale na miguu michafu. Alitusugua kwa jiwe hadi tukalia. Mama alisema huyu akikua ama atakuwa muuguzi, ama atakuwa askari jela.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ndavaya, akamaliza kidato cha nne Kwale mwaka 1979. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha uuguzi Mombasa, akahitimu mwaka 1983. Likizo yake ya kwanza alimkuta bibi yetu hajiwezi kitandani. Alituonyesha namna ya kumgeuza ubavu kwa kuinua shuka watu wawili, bila kumburuta, kwa kuwa ngozi ya mzee huchubuka upesi. Alimsafisha kinywa kwa kitambaa safi, akamwekea mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Sisi tulidhani chuoni wanafundishwa kudunga sindano tu.

Kazi yake ilimpeleka Vanga, Lungalunga na hospitali mbalimbali za huku kusini, hadi alipostaafu mwaka 2021. Jambo lililompa jina lilitokea mwaka 1985, akiwa bado msichana wodini. Alilazwa mzee mmoja wa Jego, Mzee Dzombo, aliyekuwa amepata kiharusi. Jamaa zake walikuja na chupa ya uji wa mchele. Kila mmoja alitaka kumpa kwa mkono wake mwenyewe, ndivyo tulivyo, na mzee mwenye adabu zake hawezi kukataa cha mgeni. Basi akawapokea wote, amelala chali. Dada aliporudi kutoka kitanda cha pili alimwamkia, na mzee akaitika "marahaba" kwa sauti ya majimaji, kama mtu anayesukutua. Alijua uji unaingia njia ya hewa. Alimketisha wima mara moja, akaita wenzake, na uji ukavutwa kooni kwa mashine. Mzee aliugua kifua wiki nyingi lakini alirudi Jego kwa miguu yake.

Tangu hapo Dada hakumlisha wala hakumgusa mgonjwa kabla ya kumwamkia na kungoja jibu. Mgonjwa akiitika vizuri, amketishe, ampe kijiko kimoja, amwamkie tena asikilize. Sauti ikigeuka, aache. Alikuwa akisema, "Si dawa hiyo, ni sikio tu." Vijana wa bodaboda waliovunjika miguu walikuwa wakiona haya kuamkiwa na mama mtu mzima. Wenzake walimwita Sista Shikamoo, naye akaitikia jina hilo pia.

Mwaka 1987 aliletwa mpishi mmoja wa hoteli za Diani, Harrison Sanga, mkono umeungua mafuta.

"Shikamoo," Dada akamwambia.

"Sista, mimi sijafika huko. Nina miaka ishirini na tisa."

"Itikia kwanza, ndipo nikufunge kidonda."

Shemeji alikaa na mkono wake unaowaka, ameshika msimamo, hadi maumivu yakamshinda akasema marahaba. Walifunga ndoa kanisani Ukunda tarehe 17 Desemba 1988, na hadi juzi juzi alikuwa akimwamsha kwa salamu hiyo: "Shikamoo, mpishi." Mungu aliwajalia watoto wawili, Mercy na Mwero.

Mwaka mmoja tu baada ya Dada kustaafu, Shemeji alipata kiharusi. Dada alianza kazi upya, safari hii bila sare. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, na sijawahi kuona kidonda mgongoni mwa shemeji yangu. Lakini ugomvi ulikuwa kwenye sahani. Wifi yake Biasha alisafiri kutoka Shimoni na supu ya samaki ya kumlisha kaka yake, akaambiwa angoje, kaka hajaitikia vizuri. Biasha aliondoka na bakuli lake. Alituambia sote kwamba Dama anamnyima kaka yake chakula, na kwa muda mrefu hawakusemezana.

Februari mwaka huu Dada aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipoambiwa, hakuuliza habari zake. Aliuliza, "Nani atamlisha Harrison?" Kisha akafanya jambo lililomgharimu: alimpigia simu Biasha. Biasha alikuja siku hiyo hiyo. Wale wawili walikaa chumbani kwa Shemeji miezi yote hii, mmoja akifundisha akiwa ameegemea ukuta, mwingine akishika kijiko. Niliwasikia wakicheka, na moyo wangu ulipoa.

Dada alituaga nyumbani kwake Msambweni alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, Biasha akiwa amemshika mkono.

Siku hiyo Shemeji hakufungua kinywa. Biasha alimketisha, akamwamkia, akangoja. Kimya. Jioni nyumba ilikuwa imejaa, na sisi wenyewe tulianza kusema: mpeni tu uji, mtu atakufa kwa njaa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Biasha alisimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Chakula hakipiti hapa mpaka kaka yangu aitike. Nilishamkasirikia Dama kwa hili. Sirudii."

Alimpigia simu muuguzi wa zahanati, akaelekezwa amloweshe midomo kwa kitambaa, na asubuhi akiwa bado kimya apelekwe hospitali akatundikiwe dripu. Gari tuliliandaa.

Jumatano asubuhi Biasha aliingia tena. Alipanga mito, akamnyanyua akaketi wima, akainama macho yao yakutane. Safari hii hakumwita kaka.

"Shikamoo, mpishi."

Alingoja. Sote tuliokuwa mlangoni tulingoja. Machozi yalimtoka Shemeji kwanza, kisha sauti, nzito lakini safi.

"Marahaba."

Akanywa uji kijiko kwa kijiko, hadi bakuli likaisha.

Marehemu ameacha mumewe Harrison Sanga, watoto Mercy na Mwero, wajukuu wanne, wifi yake Biasha, na mimi mdogo wake pamoja na ndugu wote wa Mzee Rai. Mkija kumpa pole Shemeji, tafadhali msije na vikombe. Inameni, mwamkieni, mngoje.

Mungu akupumzishe kwa amani, Dada Dama. Weka kijiko chini. Mzee wako ameitika, na amekula.