Mama Zima Anastaafu, Swichi Zimebaki Yatima

Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyeitia akili kompyuta ya kiwanda hiki. Wenye digrii waulizeni, watakubali huku wamenuna. Lakini aliyenitia akili mimi ni Mama Zima, kwa hiyo leo namwachia kiti cha mbele. Amestaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza sabuni.

Alianzia meza ya kufungasha, akapanda hadi mkuu wa zamu. Kila jioni alipita chumba kwa chumba akizima. Ukiacha feni inazunguka peke yake, alikuita mbele za watu: "Mwanangu, hiyo inampepea nani, jini?"

Kisha uongozi ukaleta sola juu ya paa, na kompyuta ya kupima na kuongoza umeme usiku na mchana, nikakabidhiwa mimi. Mama akaona kitaa chake cha kijani kinakonyeza ukutani baada ya kazi. Akachomoa. Asubuhi ikaonekana kiwanda hakikutumia umeme hata chembe. Meneja alishangilia wiki nzima, nami nikapokea pongezi kwa mikono miwili, mpaka fundi wa sola alipokuta waya unaning'inia.

Hapo yakaanza maneno: mambo mapya hayawezi, akapumzike mapema. Mama hakununa. Alinijia na simu mkononi: "Nifundishe, mjukuu wangu, na ukinicheka nakuchapa."

Nikamfundisha kuiamuru kompyuta kwa simu. Nikajuta. Alizima mashine tulizosahau akiwa kwake jikoni, na siku moja alizima taa ya choo, meneja yumo ndani. Maneno yakakatika. Umeme tunaotumia nao ukashuka, hadi watu wa viwanda jirani wakaja kuchungulia.

Mama, ahsante. Huko nyumbani washa hata taa ya uani saa sita mchana; umestahili, hatukuchomolei.

Ila limeharibika jambo moja. Mama hakuwahi kushika maikrofoni, na hotuba ya kuaga aliifanyia mazoezi mbele ya mapipa ya sabuni. Alipofika "Wanangu, kitu ambacho sikuwahi kuwaambia…" ukumbi ukawa giza, maikrofoni ikafa. Umeme wa ukumbi niliutegesha mimi, ukatike wenyewe asipotikisika mtu. Sikuwaza kwamba ipo siku ukumbi mzima, pamoja na mimi nisiyetulia hata usingizini, tutaganda tukimsikiliza.

Gizani alicheka, akaketi. Kitu chenyewe hatujakijua mpaka leo.