Kristofa Shekiondo na Siku za Tangi la Pili

Ko, ko, ko. Ndivyo tulivyojua baba yuko kazini: spana ikigonga tangi, sikio likisikiliza maji yamefika wapi.

Kristofa Manase Shekiondo alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 katika kambi ya mkonge karibu na Muheza. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akajifunza ufundi bomba Tanga mjini.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Leticia. Alichelewa kanisani nusu saa, kwa sababu bomba la mchungaji lilipasuka na fundi wa karibu alikuwa bwana harusi.

Alipostaafu idara ya maji alipata kazi kwenye kituo binafsi cha tiba ya nyuklia, Nguvumali. Wagonjwa wa tezi ya shingo walipewa dawa yenye mionzi, na maji ya vyoo vyao yakahifadhiwa matangini. Sheria ndogo ya majitaka iliagiza yakae siku themanini, mionzi iishe nguvu, ndipo yaingie bomba la majitaka la mji. Baba alizihesabu kwa chaki ukutani.

Mwaka 2023, tangi la pili likitarajiwa kufunguliwa kesho yake, aligundua amekosea. Alihesabu tangu lilipoanza kujazwa, badala ya siku lilipofungwa. Zilipungua wiki mbili. Hakuna mwingine aliyejua. Lakini akisema, tangi lisingefunguliwa; na bila tangi tupu kituo kisingepokea wagonjwa, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama.

Baba akaenda kusema.

"Mzee Kristofa, unatufungia kituo!" alilalamika meneja, Bi Jenifa.

"Wiki mbili tu, Bi Jenifa. Halmashauri wakija kupima, watatufungia mwaka."

Nyumbani mama alinuna. "Mimi shingo imevimba, wewe unautetea mtaro!"

"Mtaro unapita kwa watu, Mama Ruthi."

Siku tatu akampakulia ugali bila mboga. Baba aliula wote, akausifu.

Tangi lilifunguliwa siku yake ilipofika, mama akatibiwa, na leo ameimba nasi hapa.

Moyo ulianza kumsumbua baba Novemba 2024. Alifariki hospitalini tarehe 11 Januari 2025. Ameacha mjane, watoto wawili, Ruthi na Wilfred, na wajukuu watano. Mungu amlaze pema, apumzike.

Asubuhi ile ya mwisho alimvuta mama karibu, akamuuliza kwa sauti tuliyoisikia kwa shida:

"Zile wiki mbili, Mama Ruthi, ulinisamehe?"