Zebaki Iliyopotea Jikoni kwa Bibi Apolonia

"Bibi, zebaki ikichomwa inakwenda wapi?"

Mjukuu wake Wema alimuuliza marehemu Bibi Apolonia swali hilo mwaka 2016, akiwa na miaka saba, huku akisukumwa nje ya jiko. Marehemu akajibu, "Inaisha. Haya, nje, na mdomo ufunge." Kisha akafunga mlango.

Bibi Apolonia Masele alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 huko Mhunze, Kishapu. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Walimu walimjua kwa kubisha: akiambiwa jambo, lazima alione kwa macho yake.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Charles Maganga wa Kagongwa, wakawa wakulima wa pamba. Mwaka 1994 walihamia machimbo ya Nyarugusu, Geita. Babu Charles aliponda mawe. Marehemu aliosha mchanga, akauchanganya na zebaki ili inase dhahabu, akakamua kwa kitambaa, na donge lililobaki akalichoma jikoni kwenye kikaango. Mlango ulifungwa majirani wasione dhahabu, na wajukuu walifukuzwa wasije wakaropoka kisimani. Babu alipofariki mwaka 2011, aliendelea na kazi hiyo peke yake.

Juni 2023 Wema, akiwa kidato cha pili, alirudi likizo akabandika jedwali la elementi ukutani. Alimwonyesha bibi yake dhahabu, namba 79, na zebaki, namba 80.

"Kumbe ni majirani," marehemu alisema.

"Ndiyo, Bibi. Na kila moja ina atomu zake, ndogo mno, macho hayazioni. Moto wa jikoni hauwezi kuziua. Zebaki inageuka mvuke tu, ikipoa inarudi kuwa zebaki."

"Huko sekondari mnadanganywa. Miaka yote hii nachoma, mbona siioni?"

Wema akaangua mfuniko wa zamani uliokuwa ukining'inia juu ya mafiga, akausugua kwa karatasi. Masizi yakatoka, na vitone vinavyong'aa kama fedha vikakusanyika pamoja. Marehemu hakubisha tena. Alitazama mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka tangu mwaka uliotangulia, jambo ambalo familia nzima ilidhani ni uzee tu.

Asubuhi yake aliita vijana wabomoe jiko.

"Nani kakuroga, Mama Januari?" jirani yake Ghati alimtania. "Unabomoa nyumba ya dhahabu?"

"Nabomoa nyumba ya zebaki. Na kwako nakuja kesho."

Alikwenda kweli. Aliwasumbua wanawake wenzake wa machimboni mpaka wakaanza kuchomea uwanjani, mbali na watoto, kwa chungu cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba linalorudisha zebaki badala ya kuiachia hewani.

Mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa Geita na baadaye Mwanza, ambako daktari alieleza kwamba moshi ule wa miaka mingi ulikuwa umemdhuru. Marehemu hakuulizia siku zake zimebaki ngapi. Aliulizia wajukuu, kama nao waliuvuta, na akagoma kula mpaka Wema na mdogo wake Eliya wapimwe. Majibu yao yalipotoka mazuri, aliomba uji. Alifariki tarehe 3 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha watoto wanne, Januari, Rebeka, Scolastika na Mageni, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Mungu amlaze mahali penye hewa safi, apumzike.

Siku ile ya uji, alipomaliza kikombe, alimwita Wema asogee karibu na kitanda.

"Uliniuliza inakwenda wapi," alisema. "Ilikuwa inakuja kwangu, ng'wanawane, mwanangu. Ule mlango niliufunga kwa ajili ya dhahabu. Lakini nyie mlikuwa nje."