Mwishehe Kibwana na Kurumbiza wa Kilimani

Marehemu kaka yetu Mwishehe Kibwana alizaliwa Vihingo, Kisarawe, tarehe 3 Machi 1931, akasoma chuo cha Kurani kisha shule hadi darasa la nne, mwaka 1952 akaajiriwa kuwa mlinzi wa misitu, na tarehe 20 Agosti 1955 akamwoa Mwanne binti Salehe wa Mlandizi, wakajaliwa watoto wanne, wote walijua kutambua ndege kwa sauti kabla ya kujua kuhesabu.

Mwaka 1976 alipelekwa kwenye msitu uliotakiwa kuzamishwa na bwawa la umeme, akatega nyavu za kunasa ndege miezi kumi na mmoja, akaandika kwa mkono wake kwamba kurumbiza na wenzake wa vichakani hawathubutu kuvuka maji ya wazi, hivyo vilima vikigeuka visiwa watafungiwa humo hadi waishe. Ripoti ilipochapwa ikasema ndege watahama wenyewe, na chini yake pakaandikwa jina la marehemu, eti ndiye shahidi. Alipokwenda ofisini kulalamika, bwana mkubwa mmoja alimcheka, akamwambia kwamba mwaka 1974 watu walihamia wenyewe vijiji vya ujamaa, ndege ni nani wasihame. Hayo aliambiwa mtu ambaye nyumba yake ya Kibuta ilibomolewa mwaka huohuo, aliyejua vizuri kuhama ni nini na kuhamishwa ni nini. Nasi ndugu zake hatukumsaidia, tulimwambia aachane na mambo ya wakubwa, tukaona aibu kusikika tunagombea vindege, na leo aibu hiyo imeturudia wenyewe.

Bwawa lilijaa mwaka 1980. Kila likizo alikwenda huko kwa nauli yake, akapiga kasia hadi kilima kimoja ambako kabla ya maji alihesabu kurumbiza arobaini na mmoja, mwaka 1982 akakuta tisa, na Januari mwaka huu akamkuta mmoja, aliyeita asubuhi nzima asijibiwe.

Alianza kuugua ini mwezi Machi, akalazwa Kibaha, akafariki Ijumaa, tarehe 14 Septemba 1984. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkuza waliompikia uji kila siku, na Mfaume, mfanyakazi mwenzake, aliyetuletea daftari la marehemu.

Kwa desturi yetu, kabla ya kuzika huulizwa nani anamdai marehemu. Na iulizwe, lakini marehemu naye anadai, alituusia neno lake lisomwe mbele ya watu, nami nalisoma kama alivyoliandika daftarini: "Mimi Mwishehe Kibwana sikusema watahama."

Limesomwa, kaka. Pumzika kwa amani.