Saa ya Kwanza katika Orodha ya Ndugu Gaudensi

Kamati Ndogo ya Muda ya Kuthamini kwa Kulinganisha Saa za Mkono zenye Vitufe vya Ziada: hilo ndilo jina kamili la jambo lililomzeesha marehemu, na familia imeomba lisomwe mwanzo, maana yeye mwenyewe kwa miaka mitano hakuweza kulitamka lote bila kumeza mate.

Marehemu Gaudensi Yohana Komba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1924 wilayani Songea, akasoma shule ya misheni tangu 1933 hadi 1939, akaishia darasa la sita, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu bruda aliyetunza saa ya mnara alimhitaji kuliko mwalimu wa hesabu. Mwaka 1951 alifika Mtwara, akaajiriwa bandarini kuwa mtunza muda wa vibarua, na jioni akitengeneza saa barazani. Tarehe 3 Oktoba 1953 alifunga ndoa na mwalimu Theresia, wakajaliwa watoto watatu, Modesta, Emmanueli na Raheli.

Machi 1974, vita ikiwa bado ng'ambo ya Ruvuma, ofisi moja ya serikali iliingiwa na wasiwasi kwamba saa za askari wa Kireno zinavushwa mtoni pale Kilambo, ikaunda kamati hiyo, zikakusanywa saa za mkono nane za wakazi wa Mikindani, zile zenye vitufe viwili ubavuni na visahani vidogo usoni, za kupimia sekunde za mbio, na marehemu akaitwa azithamini. Alipouliza kama wanataka bei, katibu wa kamati alimjibu, "Bei kaa nayo, Ndugu Fundi. Tupangie tu, ya kwanza hadi ya mwisho. Mwenye ya kwanza ndiye tutakayeanza kumhoji." Siku hizo waliohojiwa walirudi wamekonda, na wengine walikuwa bado wanangojwa nyumbani.

Marehemu hakudanganywa na dhahabu ya nje, alifungua mgongo wa kila saa, akatazama kama kitufe kinasukuma gurudumu lenye vinguzo, kama ilivyo kwa saa bora, au kipande cha bati kilichokunjwa tu, kama uso haujapakwa rangi upya, kama mshale wa sekunde ukirudishwa unasimama wima bila kutetemeka, na iliyozishinda zote ilikuwa ya chuma kitupu, mali ya rafiki yake Mzee Mussa, mkulima wa korosho, aliyeipata 1958 kwa fundi wa meli, kwa magunia mawili ya korosho, bila risiti. Ubaya ukazidi, kwa kuwa Mzee Mussa, kama wazee wenzake wa pwani, aliweka mshale kwenye moja inapokuwa saa moja, si kwenye saba, na katibu, mtu wa bara, akaigeuzageuza, akauliza, "Hii inafuata saa za nchi gani?" Marehemu akasema inafuata saa za Mikindani, katibu hakucheka, akaandika alama ya kuuliza.

Kuiweka ya kwanza ni kumkabidhi mzee wa watu, kuiweka ya mwisho ni kumpandisha Bi. Mwajuma, mjane mwenye saa ya pili kwa ubora, na orodha haiwezi kukosa wa kwanza. Baada ya siku mbili za kutokula, marehemu alivua saa yake mwenyewe, ya bei ya chini, yenye kitufe kimoja kilichokufa, akaiandika ya kwanza kwa sifa za ukurasa mzima, na ya Mzee Mussa akaiandika ya mwisho, kwamba haitunzi muda.

"Baba Modesta, umejiandika mwenyewe?" Theresia alimwuliza.

"Sasa ningemwandika nani, Mama Modesta?"

Alifunga bahasha, akaipeleka. Wiki iliyofuata katibu alihamishwa, saa zikarudishwa kwa wenyewe, lakini orodha ilibaki ofisini, na marehemu aliamini kuwa serikali haisahau, inachelewa tu. Tangu hapo alikula na viatu miguuni, mkoba wenye sweta ukiwa nyuma ya mlango, na Landrova ikipita aliacha kutafuna hadi iishilie. Shinikizo la damu lilimwanza 1975, akafariki hospitalini Mtwara Jumamosi, tarehe 9 Juni 1979.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa bandarini, majirani, na Mzee Mussa, aliyekuja kwa miguu kutoka Mikindani na ambaye mambo haya ameyasikia leo.

Pumzika sasa, Gaudensi, vua viatu. Jana Emmanueli alikwenda ofisini kulekule kufuata kibali cha mazishi, karani akamkabidhi na bahasha yako, ikiwa bado imefungwa kwa gundi uliyoipaka mwenyewe. Hakuna aliyeisoma.